Fundi Masikio na Sikio Lake la Kulia

Wanaonijua watakwambia mimi ni chiriku, na wala hawatii chumvi. Naongea nikipika, naongea nikifua, naongea hata nikiwa na pini mdomoni. Mungu naye kwa mambo yake akanipa mume ambaye ukimpa maneno kumi anakurudishia moja, tena baada ya kulifikiria. Tulielewana hivyo hivyo. Mimi naongea, yeye anasikiliza, na usidhani alikuwa anajitia tu kusikiliza. Ningeweza kumuuliza jioni nimesema nini asubuhi, akanitajia yote, mpaka jina la niliyemsengenya. Sasa hasikii. Ndiyo habari yenyewe, na nitaieleza kwa hasira kwa sababu sijui kuieleza kwa namna nyingine.

Alifanya kazi kwenye kiwanda cha kusaga mawe. Mimi nilifika pale mara moja tu, kumpelekea miwani aliyoisahau, na sikutamani kurudi. Mashine ikianza kutafuna mawe, kelele huisikii masikioni, unaisikia kwenye meno. Huwezi kumwambia mtu aliye mbele yako kwamba shati lake linaungua. Kwa hiyo wafanyakazi wote wa ndani walivaa hedifoni, zile kubwa za kazini zinazofunika sikio zima kama bakuli, zenye redio ndani na maiki ndogo mbele ya mdomo. Zinazuia kelele ya nje, halafu zinapitisha sauti ya mwenzako. Aliye juu anamwambia wa chini simamisha mkanda unaobeba mawe, wa chini anasimamisha, na mkono wa mtu unabaki mahali pake.

Kazi ya mume wangu ilikuwa kuzitunza hizo hedifoni na kuwavisha watu. Kuwavisha, ndiyo, kama watoto wa shule. Alikuwa na chumba chake kando ya lango, na kiti kirefu kama cha kinyozi. Kila mgeni wa kazi alikalishwa pale. Kofia vua. Hereni vua. Nywele zirudishe nyuma. Sikio lote liingie ndani ya kikombe, na ule mto unaozunguka kikombe ukae kwenye ngozi, usikae juu ya nywele wala juu ya kishikio kinene cha miwani, maana penye upenyo mdogo ndipo kelele inapoingia. Maiki ikae vidole viwili kutoka mdomoni. Sauti iwe kama ya mtu anayeongea nawe mezani, isizidi hapo. Wale vijana wa mkandani walipenda kuifungulia mpaka mwisho, na hapo mume wangu, mtu mpole yule, aligeuka simba. Aliwaambia kelele ya mashine na kelele ya redio kwa sikio ni kitu kimoja, sikio halijui ipi ni ya kazi na ipi ni ya umbea.

Jioni hedifoni zilirudi kwake zikinuka jasho la kila kabila la mtu. Alizifuta moja moja kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni kidogo. Kuna dereva aliwahi kuisafisha ya kwake kwa petroli, mto ukapasuka kama kisigino. Huyo dereva nilisikia habari zake nyumbani kwangu wiki nzima. Mito aliibonyeza kwa kidole gumba. Iliyoinuka ilikuwa nzima, iliyobaki imelala ilikuwa imekufa, akaitupa na kuweka mpya. Visponji vya maiki alivifua na kuvianika kivulini. Watu wakampa jina la Fundi Masikio, na mimi sokoni nikawa Mama Masikio, nikaitika, ningefanya nini.

Basi huyu Fundi Masikio alikuwa na namna yake ya kupima, ambayo hakufundishwa na mtu. Kumvisha mtu chumbani hakukumtosha. Alisema mtu chumbani amekaa kama picha, lakini kazini anainama, anatafuna, anageuza shingo, na hedifoni inafunguka. Kwa hiyo alikuwa anaingia ndani mashine zikiwa zinanguruma, anamfuata mfanyakazi mmoja mmoja, na anasogeza sikio lake karibu na kikombe cha yule mtu. Akisikia redio inavuja kwa nje, anajua kelele nayo inavuja kwa ndani, anamrekebisha. Lakini ili asikie redio ya mwenzake ikivuja, ilibidi yeye mwenyewe asogeze kikombe chake pembeni na kulitoa sikio. La kushoto. Palepale, katikati ya ile kelele. Alifanya hivyo kwa kila mtu, kila zamu, miaka yote aliyokuwa pale. Ukimwambia, alijibu kwamba ni kwa muda mfupi tu, anachungulia.

Alichungulia mpaka likafa. Na la kushoto lilipokufa hakuniambia, wala hakuwaambia ofisini. Akahamia la kulia, na kwa kuwa sasa alikuwa anasikilizia upande mmoja, akaanza kuifungulia redio yake. Kidogo, halafu kidogo tena. Yeye aliyewagombeza watoto wa watu. Nani angemgombeza yeye? Kiti kile kirefu alikikalia kila mtu isipokuwa mwenye kiti.

Mimi niligundua kwa sababu alianza kukubaliana nami. Miaka yote tulikuwa tunabishana vizuri, ghafla kila nikisemacho ni ndiyo. Nikisema chumvi imekwisha, ndiyo. Nikisema paa linavuja, ndiyo. Siku moja nikamwambia kwa sauti ya kawaida, huku namwekea chakula, kwamba leo asubuhi nimeolewa na mwanamume mwingine, tena mrefu. Akasema vizuri, akanawa mikono. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaacha kucheka, nikamwangalia, naye akaniangalia mdomo badala ya macho.

Kiwandani waligundua kwa namna mbaya zaidi. Aliitwa kwenye redio asogee, akaitika sawa, akabaki amesimama palepale. Gari la kubebea mawe lilikuwa linarudi nyuma. Kilichomwokoa ni kwamba mmoja wa wale vijana alimvuta kwa ukosi wa shati. Baada ya hapo wakapimwa masikio wote, kiwanda kizima. Wote aliowavisha walikuwa wazima. Hata wale wakongwe waliokaa kwenye mkanda tangu wakiwa na nywele. Mmoja tu alishindwa, aliyewavisha. Wakampa mkono, wakampa maneno mazuri ambayo hakuyasikia, wakamrudisha nyumbani. Vijana wake walikuja hapa wakanikalia sebuleni, shemeji pole, shemeji pole, na mmoja alilia kama mtoto. Nikawapa chai. Ndani ya moyo wangu, Mungu anisamehe, niliyatazama yale masikio yao mazima nikayaonea wivu.

Alirudi na mabaki. Hedifoni zilizokwisha kutupwa, moja imevunjika utepe ule unaopita juu ya kichwa, nyingine haina maiki, alizozikusanya kwenye mfuko. Akajifungia kwenye kibanda cha nyuma ya nyumba, alikokuwa anatengenezea redio za majirani, na akatoka na hedifoni mbili zinazofanya kazi. Akanikalisha kwenye kigoda. Kilemba vua, hereni vua. Nikamuuliza kama ananitafutia kazi ya kusaga mawe. Akanivisha, akapima vidole viwili mpaka mdomoni, halafu akavaa ya kwake, akafungulia sauti, akasema niseme kitu.

Kwa mara ya kwanza maishani nikakosa la kusema. Nikasema jina lake. Lile la kwao, ambalo huwa silitumii. Akafumba macho. Akasema, "Nimekupata."

Haya, tukaongea! Maiki ikiwa karibu vile na sauti ikiwa juu, lile sikio la kulia lilikuwa linashika kila neno. Nilipika nimevaa, nikafagia nimevaa, nikaenda bombani nimevaa, na ndoo, badala ya kichwani, nikaibeba kwa mkono kwa sababu ya utepe. Fundi cherehani wa nyumba ya jirani akaniita Mama Rubani, akawa kila nikipita anauliza ndege inaruka saa ngapi. Sikujali. Na mume wangu, yule bubu wangu, sijui ni kwa sababu alikuwa analiogopa lile giza la masikio, akaanza kuongea. Nikiwa bombani namsikia sikioni ananisimulia mambo ya utoto wake, ya mama yake, ya siku aliyoniona mara ya kwanza na jinsi nilivyokuwa nimenuna. Nilimjua upya mzee wangu. Sitasema ilikuwa raha, maana ilikuwa zaidi ya raha.

Ndipo tulipokwenda kwa mtaalamu wa masikio, kuomba kile kifaa kidogo cha kusikilizia kinachokaa ndani ya sikio. Alikuwa msichana wa umri wa kuwa binti yetu, mwenye adabu zake. Akampima kwa muda mrefu ndani ya kichumba cha kioo, akatoka, akanikalisha mimi kwanza. Akauliza anavaa nini nyumbani. Nikamweleza kwa fahari habari za hedifoni. Nikaona uso wake unabadilika.

Aliniambia, "Mama, kwenye sikio la kulia kumebaki kidogo sana. Mkikitunza, kifaa kitakuwa na cha kushika. Zile hedifoni mnavyozifungulia zinakimaliza. Mkikimaliza, hata mkija na kifaa cha dhahabu hakitasikia kitu."

Yaani kila neno nililomwambia lilikuwa linakula sikio lake. Haki ya Mungu, nilitamani ardhi inimeze pale kwenye kiti. Msichana akamwandikia mzee maneno yaleyale kwenye karatasi. Alisoma polepole, hakushtuka. Alikuwa anajua. Nani angejua kuliko yeye? Akakunja karatasi, akasema atanyamaza, atasubiri kifaa. Kilikuwa kinaagizwa, na kabla ya kuwekwa angepimwa tena ili kirekebishwe kwa kadiri ya sikio lilivyobaki. Tukaambiwa tusubiri mpaka mvua ziishe. Kabla ya hapo, nyumba iwe kimya.

Nyumba iwe kimya, na mimi nimo ndani yake!

Tulipofika, alizifunga hedifoni zote mbili kwenye mfuko, akanikabidhi. Nikazitupia juu ya kabati. Kuanzia hapo tukaishi kwa mikono. Chakula tayari, nagonga meza mpaka ahisi kwa viganja. Mgeni kaja, namvuta shati. Nikitaka kumweleza jambo refu, naandika, lakini mimi sijaumbwa kuandika. Nikifika mstari wa pili hasira yangu imekwisha na utamu wa jambo umepotea. Yeye akarudia ububu wake, sasa mara mbili. Asubuhi anakunywa chai, anakwenda kibandani, anashinda huko nyuma ya mlango. Mchana anakuja kula, uso umetulia, wakati mwingine anatabasamu peke yake. Lile tabasamu lilinichoma. Niliona mwenzangu ameshazoea, hana uchungu, mimi peke yangu ndiye ninayekufa.

Basi nikawa naongea na jikoni. Naongea na makopo, naongea na moto. Na kwa kuwa hakuna anayesikia, ule mdomo wangu ukafunguka kabisa. Nilimsema. Nilimsema mashine zake, nikamsema ujinga wake wa kutoa sikio nje kwa ajili ya masikio ya watoto wa wengine, nikasema laiti ningebaki kwa mama yangu. Nikiona maneno hayatoshi, nabamiza sufuria. Nilibamiza kila kitu mwaka ule, vifuniko, milango, kinu. Kelele ya jikoni kwangu ilimfanya fundi cherehani aulize kama nafungua karakana. Na siku moja, siku mbaya, mvua imenyesha tangu alfajiri na kuni zote mbichi, nikasema kwa sauti yangu yote kwamba naishi na gogo. Nikasema gogo lina nafuu, ningelichanja nikapikia. Nikatupa sufuria kubwa sakafuni, ikazunguka mpaka ikatulia yenyewe. Nikalia kidogo, nikaendelea kupuliza moto.

Mvua zikaisha. Tukaitwa. Nilimvalisha shati jeupe, nikamnyoa ndevu mwenyewe, na njia nzima nilikuwa nimemshika mkono kama tunakwenda kufunga ndoa. Nilikuwa nimeshapanga neno la kwanza nitakalomwambia kifaa kikiingia. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi.

Msichana alimwingiza kwenye kichumba cha kioo. Mimi nje nilimwona anavyobonyeza, anamwangalia, anabonyeza tena. Mzee alitakiwa ainue mkono kila akisikia mlio. Mkono ulikaa kwenye goti. Msichana akabonyeza tena, akasogea karibu na kioo, na ule mkono haukuinuka. Nikaanza kumwombea huo mkono kimoyomoyo, inuka, inuka, hata kwa uongo. Haukuinuka.

Msichana alipotoka alikuwa kama amekasirika, ila alikuwa anajizuia. Aliniuliza kama tumeendelea kutumia zile hedifoni. Nikaapa kwamba hapana, ziko juu ya kabati, vumbi limezijaa. Akasema sikio limeshuka kuliko alivyotegemea, limepigwa na kelele kubwa tena na tena, na kifaa hakitamfaa, labda kumpa mivumo tu isiyo na maneno. Akasema pole, mama. Nikamwambia mashine zake ndizo zimeharibika. Nikamwambia mengine pia, ambayo hakustahili, mpaka mzee akanishika bega na kunitoa nje.

Nyumbani hakuvua viatu. Alipita moja kwa moja mpaka jikoni, nami nyuma yake. Akainua mkono kwenye ile rafu ya juu ya meko, akasogeza makopo, kopo la majani ya chai, kopo la unga, na kutoka nyuma yake akatoa hedifoni. Ilikuwa imegeuzwa, maiki imefunguliwa na kufungwa upya kwa waya, imeelekezwa kwenye kigoda changu. Akachukua kitambaa, akakilowesha, akaifuta moshi na mafuta taratibu, kwenye mikunjo ya mito, kwenye utepe, jinsi alivyozifuta za watu miaka yote. Nilikwenda mbio juu ya kabati. Mfuko ulikuwa umejaa magazeti.

Unaelewa? Kila siku aliyoshinda kibandani alikuwa amevaa ile nyingine. Na kwa kuwa maiki ilikuwa mbali na mdomo wangu, sio vidole viwili, hatua nzima, ilimbidi afungulie sauti mpaka mwisho ili anipate. Alinipata mimi, na akapata na zile sufuria. Kila nilichobamiza kilikwenda moja kwa moja ndani ya lile sikio. Na alijua. Hakuna mtu chini ya jua aliyejua kuliko yeye.

Akaongea, kwa ile sauti ya juu bapa ya mtu asiyejisikia. "Sikuweza, bibie. Kulikuwa kimya mno."

Nilimpiga ngumi kifuani. Nilimpiga nyingi. Aliniacha mpaka zikaniishia. Halafu akacheka kidogo, kweli alicheka, alitaka kunifariji, mjinga yule, akasema, "Ile ya gogo ndiyo ya mwisho niliyoisikia vizuri. Ulinitukana vizuri siku ile. Baada ya hapo ilikuwa mlio mmoja tu."

Nikamnyang'anya ile hedifoni nikavaa, nikaikimbilia ile ya kibandani nikamvalisha yeye. Nilimvalisha sawasawa, nywele nyuma, sikio lote ndani, mto kwenye ngozi. Nikaweka maiki vidole viwili. Nikamwambia sikumaanisha. Akanitazama mdomo. Nikamwambia tena. Akagusa kikombe cha kulia kwa vidole, akakibana kichwani, akatikisa kichwa. Nikasema kwa nguvu zaidi, nikaacha kusema nikapiga kelele, kwamba sikumaanisha, kwamba yeye si gogo, kwamba sikuwahi kutaka kubaki kwa mama yangu hata siku moja, nikalitaja jina lake, lile la kwao, nikalitaja mpaka koo likakauka na sauti ikatoka vipande vipande.

Mlango ukagongwa. Alikuwa fundi cherehani, futi yake bado shingoni, na nyuma yake watu wa mtaani wamejaa uani, wanawake wengine wameshajifunga kanga kiunoni. Walikuwa wamenisikia mpaka mwisho wa barabara. Akauliza kwa sauti ya chini nani amefariki.

Mume wangu alimwona, uso ukamchangamka. Akavuta kiti, akakifuta kwa kile kitambaa.

"Karibu, karibu ndani," akamwambia. "Tulikuwa tunaongea tu."